Je, Wajua? Chopa Ikitaka Kutua Kawangware 56

Je, wajua kwamba herufi H iliyochorwa chini si ruhusa ya kutua? Ni alama tu ya kumwonyesha rubani mahali. Kinachofanya mahali pawe kiwanja cha helikopta ni hewa iliyo wazi kuelekea hapo, ardhi inayohimili uzito, watu waliozuiwa wasisogee, na karatasi iliyopitishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Rangi ndiyo rahisi kuliko vyote, na ndiyo ya mwisho.

Je, wajua H hiyo ina vipimo vyake? Kimo chake ni mita 3, upana mita 1.8, na unene wa mistari yake ni sentimita 40. Kwa kawaida ni nyeupe. Ukiona H nyekundu ndani ya msalaba mweupe, hapo ni hospitali. Kando yake huandikwa namba ikifuatwa na herufi ndogo t, yaani tani: huo ndio uzito ambao sakafu ile inaweza kuubeba. Helikopta nzito kuliko namba hiyo haina ruhusa ya kutua hapo, hata kama abiria wake ni waziri.

Je, wajua vipimo hivyo vinatoka wapi? Tarehe 7 Desemba 1944 nchi kadhaa zilitia sahihi mkataba wa usafiri wa anga mjini Chicago, na kutokana nao likazaliwa shirika la ICAO. Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo kinahusu viwanja vya ndege, na juzuu yake ya pili, iliyotoka 1990, ni ya viwanja vya helikopta peke yake. Kenya ilijiunga na mkataba mwaka 1964. Ofisi ya ICAO ya kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika iko Gigiri, humu humu Nairobi.

Je, wajua KCAA ina umri gani? Iliundwa mwaka 2002, na sheria inayoiongoza sasa ni ya mwaka 2013. Ndiyo inayotoa leseni za marubani, inayokagua ndege, na inayoamua kama kiwanja kinafaa. Viwanja navyo haviko daraja moja. Kuna vinavyopewa cheti, ambavyo ni vile vikubwa vya safari za kimataifa; kuna vinavyopewa leseni; na kuna vidogo vya binafsi vinavyosajiliwa. Ngazi yoyote utakayoomba, utaulizwa ardhi ni ya nani, majirani ni akina nani, vizuizi viko wapi na vina kimo gani, moto ukizuka nani atauzima, na nani atawajibika kila siku. Tena viwanja vya ndege vimo katika orodha ya miradi inayohitaji tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999 iliyoiunda mamlaka ya mazingira, NEMA. Mwenye hela hawezi tu kuzungushia shamba lake seng'enge akaliita kiwanja.

Je, wajua chopa ndogo inahitaji nafasi kiasi gani? Chukua AS350, aina inayoonekana sana Kenya. Kuanzia ncha ya panga la mbele hadi mwisho wa mkia, mapanga yakizunguka, ina mita 12.94. Sehemu yenyewe ya kugusa ardhi haitakiwi kupungua asilimia 83 ya urefu huo, yaani kama mita 10.7. Lakini helikopta haishuki kama ndoo kisimani. Inakuja ikipunguza mwendo, inasimama hewani, inajirekebisha, ndipo inakaa. Kwa ajili hiyo kunatengwa eneo pana zaidi, mara moja na nusu ya urefu wake, kisha ukanda wa usalama pembeni wa angalau mita 3 au robo ya urefu wa helikopta, kipimo chochote kitakachozidi. Piga hesabu: upande mmoja unafika karibu mita 26. Kwa lugha ya Nairobi, ni ploti mbili za futi 50 kwa 100 zilizounganishwa, zikiwa tupu kabisa, bila mti, bila kibanda, bila kamba ya kuanikia nguo. Helikopta kubwa ya Mi-17, yenye mita 25 na ushee, inataka karibu mita 51 kila upande.

Sasa simama steji ya 56, Kawangware, utazame. Ploti mbili tupu ziko wapi? Ziko shuleni na kanisani, na kwenye uga ambao vijana wanachezea mpira jioni. Ndiyo maana katika mitaa yetu chopa hutua shuleni. Hakuna aliyepachagua kwa ubora wake. Ni kwamba watoto ndio wenye nafasi ya mwisho iliyobaki wazi.

Je, wajua kwamba nafasi ya chini ni nusu tu ya hesabu? Nusu ya pili iko hewani. Kuanzia ukingo wa kiwanja, njia ya kuingilia na kutokea huinuka kwa mteremko maalumu, na hakuna kitu kinachotakiwa kuchomoza juu ya mteremko huo. Kipimo kilicho kikali kuliko vyote ni asilimia 4.5: kila unapoenda mita 100, kitu kisizidi mita 4 na nusu kwa kimo. Hiki kimewekwa kwa ajili ya helikopta yenye injini mbili ambayo moja imezimika ikiwa inaruka. Lazima iweze kuendelea kupanda kwa ile moja iliyobaki. Njia hiyo inahesabiwa hadi kimo cha mita 152, ambacho kwa mteremko huo hufikiwa zaidi ya kilomita 3 kutoka kiwanjani.

Tuilete hesabu hiyo Kawangware. Nyumba ya kupanga ya ghorofa tano, kama zinazoota kila mwezi kati ya Gatina na barabara ya Naivasha, ina kimo cha kama mita 15. Kwa mteremko wa asilimia 4.5, nyumba hiyo inatakiwa iwe mbali mita 333 na kiwanja. Hata kwa mteremko unaoinuka zaidi, wa asilimia 12.5, bado ni mita 120. Na tangi la maji lililoinuliwa juu ya paa linahesabiwa. Antena pia inahesabiwa, sawa na vyuma vilivyoachwa vimechomoza kwa ajili ya ghorofa ambayo mwenye ploti anatarajia kuiongeza akipata pesa. Mkaguzi anapima kilichoko leo, na mwakani kinaweza kuwa kingine. Kwa sababu hiyo kibali cha kiwanja si cha milele. Mazingira yakibadilika, kiwanja kilichokuwa halali kinaweza kupoteza uhalali wake bila mtu kukigusa.

Je, wajua kwamba njia moja haitoshi? Kiwanja kizuri kina angalau njia mbili za kuingilia na kutokea, zinazoelekea pande tofauti, kwa sababu helikopta hupenda kutua na kuruka ikiukabili upepo. Upepo ukigeuka, na njia ni moja tu, rubani analazimika kushuka huku upepo ukimsukuma kwa nyuma, hali ambayo imewaponza wengi. Ndiyo kazi ya ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti. Kwenye kiwanja cha ardhini mfuko huo una urefu wa mita 2.4, juu ya paa, nusu yake. Ukiona watu wanasubiri chopa na hakuna hata kitambaa kilichofungwa kwenye mti, ujue rubani ataukadiria upepo kwa kutazama moshi wa jikoni na vumbi.

Je, wajua upepo wa mapanga una nguvu gani? Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo mtaa wa mabati unapotofautiana na mtaa wa mawe.

Helikopta hukaa hewani kwa kusukuma hewa chini. Ikiwa ina uzito wa kilo 2,250, lazima isukume hewa ya kutosha kuubeba uzito huo sekunde kwa sekunde. AS350 yenye mzigo kamili, ikiwa imesimama hewani Nairobi, hutoa upepo wa chini unaofikia kama kilomita 80 kwa saa. Mi-17 iliyojaa hukaribia kilomita 100. Upepo huo ukigonga ardhi hausimami, unatawanyika pande zote ukikimbia juu ya udongo, ukibeba mchanga, kokoto, vipande vya mbao na chochote kisichofungwa.

Tazama kwa karibu paa la kibanda cha Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi. Mabati ni ya geji 32, membamba kiasi kwamba mtoto anaweza kuyakunja kwa mkono. Mita mraba moja ya bati hilo haizidi kilo 3. Limepigiliwa misumari kwenye mbao ambazo zimeshaonja mvua nyingi, na pale misumari ilipoachia mwenye nyumba ameweka jiwe, au tairi kuukuu, au tofali. Sasa upepo wa kilomita 80 kwa saa una msukumo wa kama kilo 24 kwa kila mita mraba. Ukipata upenyo chini ya ukingo wa bati, bati linaondoka. Likiondoka, jiwe lililokuwa juu yake nalo linaondoka, na chini kuna mama anayekaanga samaki na mtoto aliyelala. Bati linaloruka ni kisu. Tena likivutwa kuelekea juu hadi kwenye mapanga yenyewe, walio hatarini ni waliomo ndani ya chopa pia.

Ndiyo maana nasema kutua katikati ya mabati si suala la ustadi wa rubani. Rubani awe hodari namna gani, upepo wa mapanga yake ni ule ule.

Je, wajua kwamba hata hospitali kubwa za Ulaya zimewahi kulipia somo hili? Tarehe 4 Machi 2022, helikopta ya uokoaji aina ya S-92 ilikuwa ikitua katika kiwanja cha hospitali ya Derriford, mjini Plymouth, Uingereza. Kiwanja kilikuwa rasmi, helikopta haikuwa na hitilafu, na rubani hakupotea njia. Upepo wa mapanga ulifika kwenye maegesho ya magari ya hapo hospitalini ukaangusha watu waliokuwa wakipita. Bibi wa miaka 87 alianguka, akajeruhiwa kichwani, akafariki. Hao walikuwa watu wachache kwenye maegesho. Linganisha na Toi Market, kando ya Kibera, siku ya Jumamosi.

Je, wajua chopa haiogopi mlima kama inavyoogopa waya? Mlima unaonekana. Waya wa stima ukitazamwa kutoka juu, nyuma yake kukiwa na paa za kijivu na udongo mwekundu, hupotea machoni kabisa. Marubani hufundishwa kutafuta nguzo badala ya waya, maana penye nguzo mbili pana waya kati yao. Mbinu hiyo husaidia mashambani. Mitaani kwetu kuna nyaya ambazo hazina nguzo, zilizovutwa kutoka paa hadi paa usiku, na hazimo kwenye ramani yoyote ya kampuni ya umeme. Isitoshe, minara ya umeme wa msongo mkubwa imepita katikati ya Kibera. Kwingineko duniani nyaya kama hizo, zikiwa karibu na njia za ndege, huvalishwa maboya makubwa ya rangi ya machungwa ili zionekane.

Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyokuwa imebeba mawaziri iligonga nyaya za umeme mara tu ilipoondoka kwenye kiwanja kidogo cha Busia. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani. Serikali ya Narc haikuwa imetimiza hata mwezi mmoja madarakani. Haikuwa helikopta, lakini funzo la viwanja vidogo ni lile lile: kinachoua mara nyingi kiko nje ya kiwanja, mita chache baada ya ukingo.

Je, wajua kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa? Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na Kawangware iko juu zaidi kidogo. Kwenye kimo hiki hewa imepungua uzito kwa kama asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Mapanga yanapata hewa kidogo ya kushika, na injini nayo inavuta hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ongeza jua la Februari saa nane mchana, ambapo hewa inazidi kuwa nyepesi. Chopa iliyoruka vizuri Diani ikiwa na abiria watano inaweza kushindwa kuinuka ikiwa na hao hao kwenye uga wa shule uliozungukwa na ghorofa. Rubani anayemwambia mheshimiwa ateremshe mtu mmoja anafanya hesabu, wala hamkosei heshima.

Je, wajua upande upi wa chopa ni wa kuogopwa zaidi? Wa nyuma. Panga la mkia ni dogo, liko karibu na kimo cha mtu, na huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Likiwa katika kasi hiyo jicho halilioni. Unaona hewa tupu. Hukaribii chopa hadi rubani akupe ishara, na ukienda unapita mbele, anapokuona. Ardhi ikiwa na mteremko, usije kutoka upande wa juu, maana huko mapanga makubwa yanakuwa karibu na kichwa chako. Kofia, leso na mtandio vinashikwa mkononi. Kimoja kikipeperuka, usikikimbilie.

Watoto wote wa Kibera na Kawangware wanajua kuvuka barabara. Hili la panga la mkia ni wangapi waliofundishwa?

Je, wajua kwamba umati ni kizuizi kama ukuta? Kanuni zinataka kiwanja kiwe na namna ya kuzuia watu na mifugo kuingia. Kwenye mikutano yetu ya siasa hali huwa kinyume: chopa ikisikika tu, watu hukimbilia pale pale inapotaka kukaa. Mwezi Mei 2016, Bungoma, helikopta iliyokuwa imeleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma iliruka ikiwa na mwanamume aliyening'inia kwenye chuma cha kutulia. Alibebwa juu ya mji, akaanguka, akanusurika na majeraha. Nchi nzima ilicheka na kumpa jina la mhusika wa sinema. Mimi naona lililopaswa kutushtua ni kwamba mtu aliweza kuufikia mguu wa helikopta inayoruka. Aliyeufikia mguu angeweza kuufikia mkia.

Je, wajua chopa ngapi za watu wakubwa zimepata ajali kwenye safari za kutua shuleni na kwenye viwanja vya muda? Tarehe 27 Juni 2021, helikopta aina ya Bell 407 ilimshusha Raila Odinga katika Shule ya Msingi ya Kudho, Gem, Kaunti ya Siaya. Ilipojaribu kuondoka ikaanguka hapo hapo. Mbunge huyo wa zamani wa Lang'ata, ambaye Kibera ilikuwa ngome yake kwa miongo miwili, alikuwa ameshateremka. Waliobaki ndani walinusurika. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, iliruka kutoka Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi, na baada ya muda mfupi ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Watu 10 walifariki, wawili wakapona. Sisemi shule ndizo zilizoziangusha. Kila ajali ina chanzo chake na wachunguzi wake. Nasema tu kwamba penye helikopta panatakiwa gari la zimamoto, machela na mtu anayejua la kufanya, na uwanja wa shule ya msingi una kengele na bomba la maji.

Je, wajua Wilson na Kibera ni majirani? Uwanja huo ulianza mwaka 1929, kwa juhudi za Florence Kerr Wilson na kampuni yake ya ndege, na ulipewa jina lake mwaka 1962. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni AMREF, na ndege zake za wagonjwa bado zinatokea Wilson. Zinaenda Lamu, Lokichoggio na Mandera. Mgonjwa wa Laini Saba, Kibera, ambaye anasikia injini za ndege hizo akiwa kitandani, yeye huenda hospitalini kwa boda boda, au kwa mkokoteni hadi barabarani.

Hapo kuna swali la haki, wala sitaki kulipita haraka. Je, Kibera na Kawangware zinahitaji kiwanja cha helikopta? Kwa wagonjwa wengi, jibu ni hapana. Hospitali ya Mbagathi iko karibu, ya Kenyatta iko karibu, na ambulensi iliyopata njia itafika kabla chopa haijawasha injini. Kinachohitajika ni njia ambayo ambulensi na gari la zimamoto vinaweza kupita. Lakini siku ya mafuriko, au moto mkubwa, au jengo kuporomoka, mtu akitaka kuleta chopa, ataileta wapi? Ni heri kuwe na sehemu moja iliyopimwa mapema, inayojulikana na polisi, chifu na walimu, kuliko kubahatisha uga wakati moshi umeshapanda. Kupima hakugharimu kama kujenga.

Je, wajua Nairobi ina kiwanja cha helikopta angani? Juu ya paa la jumba la KICC, lililokamilika mwaka 1973, kuna duara la kutulia chopa, na siku hizi watalii hupanda huko kutazama mji. Viwanja vya juu ya paa vina masharti yao ya ziada: sakafu inayohimili kishindo cha kutua kwa nguvu, wavu wa usalama ukingoni usiopungua upana wa mita 1.5, na njia ya kutorokea zaidi ya moja.

Je, wajua kwa nini miji mingi iliacha ndoto ya kusafirisha abiria kutoka paa hadi paa? Tarehe 16 Mei 1977, helikopta ya abiria ilikuwa imesimama juu ya jumba la Pan Am, New York, mapanga yakiendelea kuzunguka huku watu wakipanda. Mguu mmoja ukavunjika, chopa ikalala ubavu. Watu wanne waliokuwa pale juu walifariki. Kipande cha panga kikaanguka ghorofa zote hadi barabarani na kumuua mpita njia mmoja, akawa wa tano. Kiwanja kile kilifungwa. Walioandika kanuni baada ya hapo waliwafikiria pia watu wa chini, ambao hawakununua tiketi.

Je, wajua chopa haitakiwi kupita chini chini juu ya mtaa wenu? Kanuni ya kimataifa ni kwamba juu ya maeneo yenye makazi mengi ndege isishuke chini ya mita 300 kutoka kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kutoka ilipo, isipokuwa inatua, inaruka, au imepewa ruhusa maalumu. Mwanasiasa anayetaka rubani azunguke chini ili kuwasalimu wapiga kura anamwomba avunje kanuni.

Je, wajua mafuta ya chopa ni ndugu wa mafuta taa? Helikopta nyingi zenye injini za tabo huchoma Jet A-1, ambayo ni mafuta taa yaliyosafishwa kwa viwango vikali. Kila mama wa Kawangware aliyewahi kuona jiko la mafuta likilipuka anajua yanavyowaka. AS350 hubeba mamia ya lita. Maji ya ndoo hayaumalizi moto wa aina hii, kwani mafuta huelea juu ya maji na kusambaa. Panatakiwa povu na unga wa kuzimia, tena karibu, tena kabla chopa haijafika.

Je, wajua droni ya harusi inahusika? Tangu kanuni za mwaka 2020, droni Kenya zinasajiliwa na KCAA, na kuirusha karibu na uwanja wa ndege bila idhini ni kosa. Kibera iko mlangoni mwa Wilson. Ndege hai nao wamo: korongo wakubwa wanaokaa kwenye miti iliyo karibu na uwanja wa michezo wa Nyayo wanaweza kufikia kilo 9, na mwewe hufuata takataka popote zilipo. Jaa la taka lisilozolewa kando ya uga ni hatari ya anga. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 imepungua, lakini magunia ya nailoni na karatasi za kuezekea vibanda bado hupaa.

Je, wajua mwalimu mkuu anaweza kukataa? Ruhusa ya mwenye ardhi ni sharti la msingi, na mwenye ulinzi wa uga ule siku hiyo ni shule. Akiombwa, ana haki ya kuuliza: chopa ni aina gani na ina urefu gani, itaingilia upande upi na kutokea upande upi, polisi wa kituo cha karibu wamearifiwa, nani atawazuia watu, gari la zimamoto liko wapi, bima ni ya nani paa likiruka. Asipopata majibu, asifungue geti. Wanafunzi wawe madarasani, madirisha yamefungwa, kabla mlio haujasikika.

Je, wajua kwamba uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027? Kila msimu wa kampeni chopa huongezeka, na viwanja vinavyotumika haviongezeki.

Je, wajua mkazi wa 56 ana njia ya kuuliza kama kiwanja fulani kimesajiliwa? Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza utaratibu. Unaandika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, unataja mahali na unachotaka kujua. Huhitaji kueleza sababu. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ombi likigusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.